Deni la Mwendo Lililofichwa na Bahari: Uchambuzi wa Vipimo vya Tohoku Kabla ya Machi 2011

Kisa chenyewe na mipaka yake

Kisa hiki kinahusu Tohoku, kaskazini-mashariki ya Japani, ambako kwa takriban miaka 15 kabla ya tetemeko la tarehe 11 Machi 2011 ardhi ilikuwa ikipimwa usiku na mchana kwa vyombo vingi na vizuri kuliko karibu ukanda mwingine wowote duniani ambako bamba moja la ganda la dunia huzama chini ya lingine. Watafiti na maofisa waliohusika sikuwataja kwa majina, kwa kuwa ninachotaka kukifuatilia ni hoja: namna takwimu sahihi kabisa zilivyosomwa pungufu, na namna dhana iliyowekwa ili hesabu ikamilike ilivyogeuka taratibu na kuanza kusimuliwa kana kwamba ni matokeo ya kipimo.

Usuli

Bamba la Pasifiki husogea kuelekea magharibi na kuzama chini ya kisiwa cha Honshu kwa kasi ya sentimita 8 hivi kwa mwaka. Linapoanza kuzama ndipo ulipo Mfereji wa Japani, umbali wa kilomita 200 hivi mashariki ya pwani. Kutoka hapo linashuka kwa mshazari, hata linapofika chini ya ufuo uso wa mgusano wa mabamba hayo mawili huwa umeshafika kina cha kilomita 50 hivi. Kwa hiyo sehemu yote ya uso huo inayoweza kupasuka na kuinua bahari iko chini ya maji, wala hakuna mtu anayeweza kusimama juu yake na kipimo mkononi.

Mabamba hayatelezi sawasawa. Mahali palipokwama, bamba linalozama hulikokota lile la juu, nalo hujifinya na kufupika. Tuchukue mstari wa kilomita 300 unaofupika kwa sentimita 3 kila mwaka: huo ni mgeuko wa sehemu moja kwa milioni kumi, kiasi ambacho jicho halikioni, lakini mwamba unakitunza mwaka baada ya mwaka. Njia rahisi ya kulifikiria jambo hili ni deni. Kila mwaka ambao uso wa mgusano umekwama, sentimita 8 za mwendo huandikwa kwenye daftari, na lazima zilipwe siku moja, ama kwa tetemeko, ama kwa mteleko wa polepole usiotikisa chochote. Kazi ya mpimaji ni kujua deni limeandikwa sehemu gani ya uso huo na limefika kiasi gani.

Chombo kikuu kilikuwa GEONET, mtandao wa taifa wa vituo vya kudumu vya GPS, ambao kufikia mwaka 2011 ulikuwa na vituo zaidi ya 1,200 nchi nzima. Kila kituo ni nguzo ya chuma kisichoshika kutu, yenye urefu wa mita 5 hivi, juu yake antena iliyofunikwa kwa kuba ndogo. Nyingi zimesimamishwa katika viwanja vya shule na bustani za umma, na watoto hupita karibu nazo kila asubuhi. Antena hiyo hupokea mawimbi ya setilaiti bila kupumzika, na mahali pake hujulikana kwa usahihi wa milimita chache kwa siku. Pamoja na mtandao huo kulikuwa na kumbukumbu ndefu za vipima-maji vya bandarini, na upimaji wa pembetatu na wa mwinuko ulioanza tangu karne ya 19.

Picha iliyotokana na vipimo hivyo

Vituo vya upande wa Pasifiki vilionekana vikisogea magharibi kuelekea vile vya upande wa pili wa kisiwa. Honshu ya kaskazini ilikuwa ikifinywa, na hilo halikubishaniwa na yeyote. Watafiti walipogeuza mwendo huo wa nchi kavu kuwa ramani ya mahali ulipokwama uso wa mgusano, makundi mbalimbali yalipata doa kubwa lililokwama sana mbele ya mkoa wa Miyagi. Uchambuzi mmoja uliotoka mwaka mmoja kabla ya tetemeko ulisema waziwazi kwamba doa hilo lingeweza kutoa tetemeko kubwa kuliko yaliyozoeleka. Maonyo hayakukosekana kabisa, na anayesimulia kisa hiki kana kwamba wote walikuwa wamelala hawatendei haki waliofanya kazi ile.

Tathmini rasmi, hata hivyo, ilijengwa zaidi juu ya historia ya matetemeko. Bahari ya mbele ya Miyagi ilikuwa imetikiswa kila baada ya miaka 37 hivi, na la mwisho katika mfululizo huo lilikuwa la tarehe 12 Juni 1978, lenye ukubwa wa 7.4. Mamlaka zilikadiria kwamba uwezekano wa tetemeko jingine la ukubwa wa 7.5 hivi ndani ya miaka 30 ulikuwa asilimia 99, na kwamba likiungana na sehemu ya karibu na mfereji lingefikia 8.0 hivi. Tetemeko la 7.2 lilipotokea tarehe 16 Agosti 2005 iliamuliwa kwamba hilo silo lililokuwa likingojewa. Shule zilijiandaa na halmashauri zilichora ramani za maji yatakapofika, zikitegemea makadirio hayo.

Uamuzi wa kuiacha huru sehemu ya juu

Hapa ndipo penye kiini cha kisa. Ili kukokotoa ramani ya mkwamo kutoka nchi kavu, mtafiti hulazimika kusema jambo fulani kuhusu sehemu ya juu kabisa ya uso wa mgusano, ile ya karibu na mfereji. Katika hesabu kadhaa sehemu hiyo ilichukuliwa kuwa huru, yaani inateleza bila kukwama. Sababu zilikuwa za maana. Miamba ya pale ni michanga, imejaa matope laini na maji. Majaribio ya maabara yalionyesha kwamba udongo wa mfinyanzi wa namna hiyo mara nyingi hukataa kuongeza mwendo unapoanza kuteleza, na matetemeko madogo huko juu yalikuwa machache. Aliyeamua hivyo hakuwa mzembe. Alifuata kilichofundishwa vyuoni wakati ule.

Kasoro ilikuwa kwamba vituo vya nchi kavu havikuwa na uwezo wa kumkosoa. Mtu aliyelala ukingoni mwa godoro pana la pamba huhisi vizuri anayekaa karibu naye, lakini mtoto akikaa pembe ya mbali, ukingo wake hausogei kiasi cha kuhisika. Mwamba nao ni hivyo: athari ya mkwamo hufifia kadiri umbali unavyoongezeka, na kutoka mferejini hadi nguzo ya kwanza ya GPS ni kilomita 200. Ukiiweka sehemu ya juu kuwa huru, hesabu inakubaliana na vipimo. Ukiiweka kuwa imekwama kabisa, inakubaliana pia, pengine kwa tofauti iliyo ndani ya makosa ya kipimo. Takwimu zilikuwa kimya juu ya swali hilo, lakini ramani zilipochorwa kwa rangi, ukimya huo ulipakwa rangi ileile inayomaanisha «hakuna mkwamo». Msomaji wa ramani, hasa ofisa wa mipango asiyejua hesabu ilivyofanywa, angetofautishaje vitu hivyo viwili?

Dalili tatu ambazo hazikuoana na picha hiyo

Ya kwanza ilitoka kwenye daftari la deni lenyewe. Ukijumlisha mteleko wa matetemeko yote yaliyojulikana katika karne ya 20 mbele ya Miyagi, unapata sehemu ndogo tu ya mwendo ambao bamba la Pasifiki lilikwenda katika muda huo. Salio lilifutwa kwa kudhani kwamba lililipwa kwa mteleko wa polepole. Ilidhaniwa kwamba malipo yalifanyika, ila risiti yake haikuonekana.

Ya pili ilitoka bandarini. Vipima-maji vilionyesha kwamba pwani ya Pasifiki ya Tohoku ilikuwa ikizama kwa milimita kadhaa kila mwaka kwa makumi ya miaka, ilhali matuta ya kale ya ufuo yanaonyesha kwamba kwa muda mrefu pwani hiyo haizami hata kidogo na sehemu nyingine imeinuka. Kwa hiyo lazima kuwepo tukio fulani linaloirudisha juu. Matetemeko ya ukubwa wa 7 yaliyorekodiwa hayakuirudisha. Kitendawili hiki kilijulikana na kiliandikwa, lakini hakikupewa uzito wa kubadili tathmini.

Ya tatu ilikuwa chini ya mashamba ya mpunga ya uwanda wa Sendai. Wachimbaji walikuta tabaka la mchanga wa bahari kilomita kadhaa kutoka ufuoni, lililoachwa na tsunami ya Jogan ya mwaka 869, ambayo inatajwa pia katika kumbukumbu za kale za dola, na chini yake kulikuwa na matabaka mengine ya zamani zaidi. Makadirio ya tetemeko la Jogan yalifika 8.4 hivi, na mwanzoni mwa 2011 tathmini mpya iliyoliingiza tukio hilo ilikuwa karibu kukamilika.

Kipimo kilichofanyika juu ya doa lenyewe

Kulikuwa na njia moja ya kupima moja kwa moja juu ya sehemu iliyofichwa, nayo ilikuwa imeanza. Walinzi wa pwani wa Japani walikuwa na vituo vichache sakafuni mwa bahari, kimoja mbele ya Miyagi katika kina cha mita 1,700 hivi. Inafaa kueleza kazi hiyo inavyofanyika, maana uchache wake unatokana na ugumu wake.

Viitikio vitatu au vinne hulazwa sakafuni kwa mpangilio unaozunguka kitovu kimoja. Meli huja juu yake ikiwa na antena ya GPS mlingotini na kipaza sauti chini ya maji. Hutuma mlio, kiitikio husikia na kujibu, na muda wa kwenda na kurudi huandikwa. Katika kina hicho ni kama sekunde 2.3 meli ikiwa juu kabisa ya kiitikio. Mahali pa meli hujulikana kwa setilaiti, na mahali pa kiitikio hukokotolewa kutokana na maelfu ya milio iliyopigwa meli ikizunguka eneo hilo. Adui mkuu ni maji yenyewe. Sauti huenda mita 1,500 hivi kwa sekunde, lakini joto na chumvi huibadilisha kasi hiyo, na ukikosea mita 1 tu kwa sekunde, umbali wa hadi sakafuni unakosewa kwa zaidi ya mita 1. Ndiyo maana wanamaji huteremsha kipima joto na chumvi mara kwa mara wakati wa zoezi, na ndiyo maana mpangilio wa viitikio huzunguka kitovu: kosa la kasi ya sauti linaloviathiri vyote sawasawa hupandisha au kushusha jibu, bila kulisogeza sana kando. Kwa njia hiyo hupatikana usahihi wa sentimita 2 au 3 katika kila zoezi, na mazoezi ni machache kwa mwaka. Kupata kasi ya sentimita chache kwa mwaka kunahitaji subira ya miaka.

Vituo hivyo vichache vilionyesha mkwamo mkubwa mbele ya Miyagi na mdogo mbele ya Fukushima. Vilithibitisha kwamba doa lilikuwepo na kwamba deni lilikuwa likikua. Lakini hata hivyo havikuwa kwenye ukingo wa mfereji, na idadi yake haikutosha kusema mkwamo unaishia wapi upande wa mashariki.

Yaliyotokea

Tarehe 9 Machi 2011 kulitokea tetemeko la ukubwa wa 7 na ushei katika eneo hilo. Siku mbili baadaye, saa 14:46 za huko, uso wa mgusano ulipasuka kwa urefu wa kilomita 500 hivi na upana wa 200 hivi, na tetemeko likafikia ukubwa wa 9.0. Makadirio ya kwanza yaliyotolewa ndani ya dakika tatu yalikuwa 7.9, na onyo la tsunami la Miyagi likataja mita 6. Liliongezwa baadaye, watu wengi wakiwa wameshakosa umeme na taarifa. Zaidi ya watu 18,000 walifariki au hawakupatikana.

Kituo cha GPS cha rasi ya Oshika kilisogea mita 5.3 kuelekea mashariki-kusini-mashariki na kuzama mita 1.2. Huko Ishinomaki maji yalianza kupanda mitaani kila bahari ilipojaa, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa imeshuka. Mwishoni mwa mwezi huo meli ilirudi juu ya kituo cha sakafuni mbele ya Miyagi, na hesabu ikaonyesha kwamba kilikuwa kimesogea mita 24 na kuinuka mita 3 hivi. Kisha ramani za kina cha bahari zilizochorwa kabla na baada zikalinganishwa, zikaonyesha sakafu imesogea mita 50 hivi hadi ukingoni kabisa mwa mfereji. Sehemu iliyodhaniwa kuwa huru ndiyo iliyoteleza kuliko zote. Kwa kasi ya bamba, mita 50 ni deni la miaka 600 hivi.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vyombo. Sijaona dalili kwamba kituo chochote kilitoa jibu la uongo. Doa la Miyagi lilikuwa mahali palipochorwa, na bila takwimu za kabla tusingejua mita 24 zimehesabiwa kutoka wapi. Kilichoshindwa ni ngazi mbili zilizofuata. Kwanza, ramani hazikutenganisha mahali palipopimwa pakaonekana huru na mahali pasipopimika. Mtafiti makini huonyesha jambo hili kwa majaribio ya kuficha na kutafuta, yaani anaingiza mkwamo wa kubuni katika hesabu na kutazama kama vituo vyake vitauona. Lakini majaribio hayo hubaki kwenye viambatisho, na ramani husafiri peke yake hadi ofisini. Pili, karne moja ya matetemeko ilitumiwa kupima mzunguko wa miaka mia kadhaa, ni kama kukadiria masika kwa kutazama wiki moja ya kiangazi.

Hoja ya matope laini ilipimwa upya kwa namna ya kuvutia. Mwaka 2012 meli ya Chikyu ilichimba karibu na mfereji, katika maji ya kina cha karibu mita 6,900, ikafikia ufa wenyewe mita 820 hivi chini ya sakafu. Kilichotolewa ni tabaka jembamba, lisilofika mita 5, la udongo wa mfinyanzi unaoteleza sana. Ulaini uliodhaniwa kuzuia mteleko mkubwa ndio ulioupa njia mteleko uliokuwa umeshapata kasi kutoka chini. Na pale ambapo sehemu ya kina imekwama, ya juu yake hukosa pa kwenda hata kama yenyewe haina nguvu ya kushikilia: nayo inaandika deni. Hili la mwisho lingeweza kujulikana kwa hesabu ya kawaida kabla ya 2011, na naona ndilo funzo chungu zaidi kwa wapimaji.

Waliozirudia takwimu za GPS za miaka 15 kabla ya tetemeko waligundua pia kwamba mwendo wa vituo haukuwa mnyoofu. Ulikuwa ukibadilika taratibu, kana kwamba mkwamo ulikuwa ukilegea. Mabadiliko hayo yalikuwemo kwenye kumbukumbu wakati wote, lakini kwa kuwa kila kituo kilipewa kasi moja ya wastani, yalipotea ndani ya wastani huo.

Yaliyobadilika baadaye

Mwaka 2012 vituo vipya 20 vya sakafuni viliwekwa kando ya Mfereji wa Japani, na baadaye ukajengwa mtandao wa nyaya za chini ya bahari wenye vituo 150 vya kupima mtikiso na shinikizo la maji. Vituo vya sakafuni vilileta jambo ambalo nchi kavu isingelionyesha kamwe. Baada ya tetemeko, pwani iliendelea kusogea mashariki, lakini sakafu mbele ya Miyagi ilisogea magharibi, tena kwa kasi iliyozidi ile ya bamba lenyewe, kwa sababu miamba ya moto ya chini ilikuwa ikijipanga upya. Oshika nayo ikaanza kuinuka taratibu, na kitendawili cha bandarini kikaanza kupata jibu. Kusini, kwenye mfereji wa Nankai, ramani ya deni iliyotolewa mwaka 2016 ilichorwa kwa vipimo vya sakafuni vya takriban miaka kumi, na mwandishi wa ramani hiyo aliweza kuonyesha wapi pamepimwa.

Hoja ileile katika Bahari ya Hindi

Wasomaji wa Muscat na wa pwani yetu wanahusika na swali hili kwa njia ya ukanda wa Makran, mbele ya Iran na Pakistani, ambao unatazamana na Oman. Tarehe 28 Novemba 1945, kwa saa za huko, sehemu yake ya mashariki ilitoa tetemeko la ukubwa wa 8.1 na tsunami iliyoua watu. Sehemu ya magharibi haijatoa tetemeko kubwa la namna hiyo tangu vyombo vya kurekodi matetemeko vianze kutumika, na wataalamu wanabishana kama imekwama au inateleza. Mashapo ya pale ni mazito mno, na hoja ya matope laini husikika tena. Nguzo za GPS zimesimama ufukweni, ilhali ukingo wa ukanda uko mbali baharini. Kabla ya kusoma ramani yoyote ya Makran inayoonyesha rangi ya utulivu karibu na ukingo huo, mtu aulize kwanza kama kuna kiitikio hata kimoja kilichowahi kulazwa pale.